Mwezi na Zohali katika nyumba ya nne: unajimu wa Kihindi unasema nini kuhusu nyumbani na moyo?

Ukiangalia tamthilia za Kihindi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, huenda umeona hili: kabla ya harusi wazee wanamwita mnajimu, anafungua karatasi, anakunja uso, na nyumba nzima inaingiwa na hofu. Karatasi hiyo huitwa kundali. Leo tunaeleza jambo moja linalosomwa ndani yake, yaani Mwezi na Zohali kukutana katika nyumba ya nne. Hapo ndipo wanajimu wa Kihindi husoma habari za mama, makazi na utulivu wa moyo.

Kundali ni nini?

Elimu hii Wahindi huiita Jyotisha. Inaigawa njia ya sayari angani katika buruji 12, na inafuata sayari tisa: Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura, Zohali, Rahu na Ketu. Hizo mbili za mwisho hazionekani kwa macho. Ni sehemu mbili ambapo njia ya Mwezi hukatana na njia ya Jua.

Kundali ni mchoro wa anga wakati mtoto alipozaliwa. Buruji inayochomoza mashariki saa hiyo ndiyo nyumba ya kwanza, kisha zinahesabiwa nyumba 12. Ya nne ni ya mama, makazi, ardhi, vyombo vya usafiri na raha ya moyo.

Hesabu yao hutofautiana na ile ya Ulaya inayotumika magazetini kwa kama digrii 24. Ndiyo maana anayeitwa Kondoo gazetini anaweza kuwa Samaki kwa Wahindi.

Wawili hawa wakikutana

Mwezi katika Jyotisha ni mama, malezi na hisia. Huenda haraka, ukikaa siku mbili na robo hivi katika kila buruji. Zohali, ambayo Wahindi huiita Shani, ni ya subira, kazi nzito, uzee, uchelewaji na huzuni. Hukaa kama miaka miwili na nusu katika buruji moja.

Kwa hiyo mwepesi wa hisia anawekwa chumba kimoja na mzee mkali. Baadhi ya wanajimu huuita mkutano huu Visha Yoga, na visha maana yake ni sumu. Ukiwa nyumba ya nne, husomwa hivi: mtu huficha machungu yake, alibeba majukumu ya nyumbani akiwa bado mdogo, au alilelewa na mama aliyelemewa na kazi au maradhi. Mapenzi nyumbani kwao yalionekana kwa vitendo zaidi ya maneno. Kiwanja au nyumba yake mwenyewe huja kwa kuchelewa.

Zohali ikiwa nyumba ya nne, husemwa pia kwamba inaitazama nyumba ya kumi, ambayo ni ya kazi. Hapo kazi na familia humvuta mtu huku na huku.

Lakini mkutano huohuo una usomaji mwema: uvumilivu, uaminifu, kutotikisika wakati wa shida, na kujenga taratibu kitu kinachodumu.

Si hukumu moja kwa wote

Mnajimu makini haishii hapo. Huangalia buruji yenyewe, kwa sababu Mwezi una nguvu katika Ng'ombe na Kaa, na Zohali ina nguvu katika Mizani. Huangalia kama sayari hizo zimekaribiana kweli au zimo tu katika buruji moja. Huangalia kama Mshtarii, sayari ya baraka, inazitazama. Tena huhesabu zamu, kwani katika mzunguko wa miaka 120 Mwezi hupewa miaka 10 na Zohali 19.

Hesabu ya kukumbuka

Mkutano huu si wa nadra. Mwezi huzunguka buruji zote kwa siku 27 na kidogo, kwa hiyo huipita Zohali kila mzunguko. Kwa hesabu ya Kihindi, Zohali iliingia Samaki tarehe 29 Machi 2025. Tangu hapo, kila Mwezi unapoingia Samaki, watoto wote wanaozaliwa katika siku hizo mbili na robo, wawe Delhi au Sumbawanga, wanao mkutano huu. Ni kama mtu mmoja kati ya 12. Kwa wastani, darasa la watoto 48 lina wanne.

Kinachotofautisha ni nyumba, na nyumba hutegemea saa. Buruji inayochomoza hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Saa ya kuzaliwa ikikosewa kwa kiasi hicho, nyumba ya nne inaweza kuwa ya tatu au ya tano. Wengi wetu tumeambiwa tu tulizaliwa alfajiri, au jogoo wa kwanza alipowika. Hivyo mtu akikupigia simu na kukwambia nyumba yako ya nne ina sumu, naye hajui saa wala mahali ulipozaliwa, hajafuata hata kanuni za elimu yake mwenyewe.

Tiba zake

Tiba za kawaida India ni ibada na matendo: kutoa mafuta ya ufuta siku ya Jumamosi, ambayo ni siku ya Shani, kuwasaidia wazee na vibarua, na kumheshimu mama. Wengine hushauri vito, lulu kwa Mwezi na yakuti ya buluu kwa Zohali. Hapo ndipo fedha nyingi hutoka mfukoni.

Je, kuna ushahidi?

Mwanasayansi wa anga wa India, Jayant Narlikar, aliwajaribu wanajimu kwa kundali za watoto 200, nusu wakiwa wanafunzi hodari na nusu wenye ulemavu wa akili. Wanajimu 27 walirudisha majibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha walipatia kwa wastani asilimia 46. Anayerusha sarafu hupata 50.

Kwa mamilioni ya familia India, kundali bado ni sehemu ya imani na mila, na ni vizuri kuielewa unapoiona. Lakini usikatishe uchumba, usimlaumu mama wala usiuze mbuzi kwa ajili ya sayari mbili zinazokutana kila baada ya siku 27. Huzuni ikikaa nyumbani wiki baada ya wiki, usingizi ukipotea na chakula kisipite, zungumza na mtu unayemwamini, kisha nenda kituo cha afya.