Kuunganisha si Kazi, Kazi ni Kuachanisha

Chukua kufuli mbili zinazolingana. Ifunge kila moja kwenye uzi, urefu uwe uleule, kisha uzitundike kwenye kamba ya kuanikia nguo, hatua moja kati yao. Isukume ya kwanza. Itabembea peke yake kwa muda, halafu utaona ya pili inaanza kutikisika, inachukua kasi, huku ya kwanza ikipoa mpaka inasimama. Kisha mambo yanageuka, ya pili inaurudisha mwendo wote ilikoutoa. Hakuna mkono uliozigusa; kamba ndiyo iliyobeba.

Sasa fupisha uzi mmoja kwa nusu, uisukume kufuli ya kwanza tena. Kufuli ya pili itatetemeka kidogo tu, basi. Kamba ni ileile, lakini kila kufuli ina mdundo wake na haziitikiani tena.

Sehemu kubwa ya historia ya kompyuta za kwanta zinazofanya kazi katika baridi kali imo ndani ya kamba hiyo. Kila mashine mpya ikitangazwa tunaambiwa ina kyubiti ngapi, yaani vipashio vyake vya kukokotoa, nasi tunashangilia idadi. Naamini tunahesabu kisicho kiini. Kyubiti iliyokaa peke yake haikokotoi jambo la maana. Hesabu huanza pale kyubiti moja inapoguswa na hali ya mwenzake. Na kilichowatoa jasho watafiti kwa miaka mingi ni namna ya kuzifanya ziachane kazi ikiisha.

Kyubiti ya aina hii ni sakiti ndogo ya metali, mara nyingi alumini, iliyochorwa juu ya kipande cha silikoni au yakuti. Chini ya kelvini 1.2 hivi, alumini hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Ndani ya sakiti huwekwa kiungo cha Josephson, yaani vipande viwili vya metali vyenye utando mwembamba mno wa oksidi katikati. Brian Josephson alikuwa mwanafunzi wa Cambridge mwenye umri wa miaka 22 alipoonyesha kwa hesabu, mwaka 1962, kwamba umeme huo usio na ukinzani ungeweza kuupenya utando. Miaka ya 1984 na 1985, huko Berkeley, California, John Clarke, Michel Devoret na John Martinis wakathibitisha kwamba sakiti nzima, yenye chembe nyingi mno, inaweza kufuata kanuni za kwanta kama atomu moja. Tuzo ya Nobel ya kazi hiyo waliipata mwaka 2025.

Kyubiti ya aina hii ilizaliwa Tsukuba, Japani. Mwaka 1999 Yasunobu Nakamura na wenzake wa maabara ya kampuni ya NEC waliweza kuiendesha moja, nayo ikashikilia hali yake kwa nanosekunde chache, muda ambao mwanga hauwahi kuvuka hata sebule. Februari 2003 maabara hiyohiyo ikatangaza kyubiti mbili zilizounganishwa kwa kapasita ndogo iliyojengwa palepale kwenye chipu, na Oktoba mwaka huo wakaonyesha lango la hesabu, kyubiti moja ikigeuka au kutulia kulingana na hali ya mwenzake. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini kapasita ni metali, ukishaichora, imekaa. Kyubiti zile zilishikana wakati wa kazi na wakati wa mapumziko.

Septemba 2007 jibu la kupendeza kuliko yote, kwa maoni yangu, lilitoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kwenye kundi la Robert Schoelkopf na Steven Girvin. Waliziweka kyubiti mbili kwenye pande mbili za chipu, na kati yake wakapitisha mfereji wa metali unaonasa mawimbi ya maikrowevu. Waliuita basi. Abiria wake ni fotoni, yaani chembe ya mawimbi hayo, ila fotoni hiyo haipandi kabisa. Masafa ya mfereji yaliwekwa mbali na yale ya kyubiti, hivyo nishati ilivuka kutoka kyubiti moja hadi nyingine bila kutua njiani, na kwa kuwa haikutua, haikupotea mferejini. Walipotaka kuziachanisha, walibadilisha haraka masafa ya kyubiti, kama wewe ulivyofupisha uzi. Toleo hilohilo la jarida la Nature lilikuwa na kazi ya maabara ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mjini Boulder, ambako hali ya kyubiti moja iliwekwa mferejini kama fotoni halisi, ikangoja, kisha ikachukuliwa na ya pili.

Miaka miwili baadaye Yale waliendesha programu fupi kwenye kyubiti mbili. Kisha wingi ukaleta taabu. Kufuli mbili ni rahisi kuzipa nyuzi tofauti. Tundika hamsini kwenye kamba moja uone: urefu unakwisha, na kufuli za mbali zinaanza kuitikiana bila kuombwa. Kila mwitikio wa namna hiyo ni kosa ndani ya hesabu.

Ndipo watafiti walipoacha kuzishughulikia kufuli wakaigeukia kamba. Mwaka 2014 kundi la Martinis huko Santa Barbara lilionyesha kiunganishi kinachofunguliwa na kufungwa kwa uga wa sumaku, mfano wa bomba la maji. Mwaka 2018 watafiti wa MIT walipendekeza njia nyepesi zaidi: weka kyubiti ya tatu katikati. Mbili za pembeni zinagusana kwa njia mbili, moja ya moja kwa moja na nyingine kupitia ya katikati. Ukirekebisha masafa ya ile ya katikati, njia hizo zinavutana kinyume mpaka zinafutana. Kamba bado ipo, lakini haibebi kitu.

Chipu ya Sycamore, ambayo Google waliitangaza Oktoba 2019, ilijengwa kwa viunganishi vya kufungua na kufunga. Ilikaa kwenye baridi isiyofika milikelvini 20, na mguso wa kyubiti mbili ulichukua nanosekunde 12 hivi. Ndani yake mlikuwa na sakiti 142 za namna moja. Zilizofanya kazi ya kyubiti ni 54 tu. Nyingine zote 88 zilikuwa viunganishi. Kyubiti moja haikufanya kazi, ikaachwa, nayo ikaacha viunganishi viwili bila kazi. Jaribio likaendeshwa kwa kyubiti 53 na viunganishi 86.