Kujifunza kalkulasi peke yako: kitabu cha kale au cha kisasa?

Nilimaliza kidato cha nne nikijua kanuni moja tu ya kalkulasi: shusha kipeo mbele, kisha kipunguze kwa moja. Alama nilipata, lakini ungeniuliza jibu lile lina maana gani ningenyamaza. Nilipotaka kusomea umeme baadaye ikabidi nirudi nyuma, na pesa za kumlipa mwalimu wa ziada sikuwa nazo.

Nilianza na Calculus cha James Stewart, kitabu cha kisasa chenye kurasa zaidi ya 1,000, michoro ya rangi na mazoezi tele. Nikakwama kwenye vikomo, sura inayotangulia kalkulasi yenyewe. Kosa halikuwa la kitabu. Kimeandikwa kwa mwanafunzi aliye na mhadhiri mbele yake.

Kilichonikwamua ni Calculus Made Easy cha Silvanus Thompson, kilichotoka Uingereza mwaka 1910. Yeye anasema dx ni kipande kidogo tu cha x, basi.

Chukua mkeka wa mraba wenye upande wa futi 10. Eneo lake ni 100. Refusha upande uwe 10.1, eneo linakuwa 102.01. Umeongeza vipande viwili virefu, kila kimoja eneo 1, na kipembe kidogo cha 0.01. Refusha kwa 0.01 badala yake: vipande viwili vinakuwa 0.2 kwa jumla, kipembe 0.0001. Kipembe kinayeyuka haraka kuliko vipande. Thompson anakwambia kitupe, na kinachobaki ni mara mbili ya upande, yaani 20. Ile kanuni ya kidato cha nne nikaiona kwa macho.

Lakini kwa nini turuhusiwe kukitupa? Hapo mzee anapita haraka, na swali si dogo: Askofu George Berkeley aliwakejeli wanahisabati kwa jambo hilo hilo mwaka 1734. Kitabu cha kisasa ndicho kinachojibu. Gawanya ongezeko la eneo kwa ongezeko la upande: unapata 20.1, halafu 20.01, halafu 20.001. Hatutupi kitu, tunauliza hesabu inakaribia wapi. Hicho ndicho kikomo, na niliporudi kwenye sura iliyonishinda niliisoma kwa siku mbili.

Kwa hiyo mimi ningeanza na Thompson, sura kumi za kwanza hivi, kisha nihamie kitabu kipya. Toleo lake la zamani linapakuliwa bure na kihalali kwenye Project Gutenberg. (Lile la 1998 lililoongezwa sura na Martin Gardner bado lina hakimiliki.) Inchi na pauni zake zisikutishe. Mazoezi yake ni machache, na hapo ndipo wengi wetu tunajidanganya kwamba tumeelewa. Kwa mazoezi, OpenStax wana Calculus ya juzuu tatu, nayo ni bure. Majibu ya maswali ya namba witiri yapo, basi fanya hayo kwanza, kwa kalamu, kabla ya kuchungulia.

Ukitaka kujipima leo, chukua sanduku lenye pande sawa za 10, zirefushe ziwe 10.01, utafute ujazo umeongezeka kwa kiasi gani, kisha ugawanye kwa 0.01. Utapata zaidi kidogo ya 300. Sasa tafuta hizo 300 ziko wapi kwenye sanduku.