Kilomita ni zile zile, masaa ndio hubadilika

Fungua ramani tufanye hesabu kidogo. Mogadishu hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,000. Ndege ya jeti inamaliza hiyo safari kwa saa moja na nusu hivi. Sasa ipitishe Wajir kwanza: Mogadishu hadi Wajir ni kama 580, Wajir hadi Nairobi kama 490. Jumla 1,070. Umeongeza kilomita 70 tu. Angani hizo ni dakika chache, si ndio?

Haya, muulize aliyesafiri wakati kutua Wajir kulikuwa lazima. Mei 2019, Kenya na Somalia zikivutana kuhusu mpaka wa baharini, Kenya iliagiza ndege zinazotoka Mogadishu zitue Wajir zikaguliwe, ndio ziendelee Nairobi. Na haikuwa mara ya kwanza. Agizo kama hilo lilikuwepo miaka ya nyuma, likaondolewa, likarudi. Mei 2021 ikawa mbaya zaidi, safari zikasimamishwa hadi Juni. Ramani haikusonga hata inchi moja. Lakini mgonjwa anayetafuta hospitali Nairobi, au mama anayeenda harusi ya bintiye Eastleigh, safari yake ilirefuka kwa sababu ya barua ya ofisini.

Na stori hii ni ya zamani. Kuanzia 1902 wakoloni walikuwa na sheria ya kufunga wilaya za pembezoni, na kaskazini yetu, ile NFD, ikafungwa: kuingia au kutoka ni kwa kibali. Uhuru ukaja 12 Desemba 1963. Siku 13 baadaye, Krismasi, hali ya hatari ikatangazwa huku kwetu. Sheria zake zilikaa hadi 1991. Katikati hapo, Februari 1984, wanaume wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakafungiwa juani bila maji, na wengi wakauawa. Uwanja wa ndege, kitu kinachojengwa ili watu wakaribiane! Ndio maana hadi leo mtu akitoka Nairobi anaulizwa, "Kenya kukoje?" Watu wanacheka, lakini si mzaha tu.

Najua utaniambia: usalama. Sawa, na sisi wa Garissa hatuhitaji kufundishwa hilo. 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa chuo kikuu chetu. Lakini angalia saa za siku hiyo pia. Shambulio lilianza alfajiri. Nairobi hadi hapa ni kama kilomita 370 za barabara. Iliripotiwa kwamba waandishi wa habari waliokuja kwa gari walifika kabla ya kikosi cha Recce kilicholetwa kwa ndege, na kikosi hicho kiliingia chuoni jioni.

Kwa hivyo tukiwa wasafiri, usalama unatuchelewesha. Tukihitaji kuokolewa, usalama unachelewa.

Ukipanda basi la Nairobi wiki hii, weka saa. Kila kizuizi mnachoshushwa na kitambulisho mkononi, andika dakika. Ukifika, toa hizo dakika kwenye safari nzima. Inayobaki ndio umbali wa Garissa na Nairobi. Hiyo nyingine tumewekewa.