Uoanishaji wa modeli za usanifu na za usalama

Uoanishaji wa modeli za usanifu na za usalama ni kazi ya kihandisi ya kuhakikisha kwamba wanaosanifu mfumo na wanaopima hatari zake wanazungumzia mfumo ule ule. Modeli ya usanifu, ambayo siku hizi mara nyingi huandikwa kwa lugha ya SysML, huonyesha jinsi mfumo unavyotakiwa kufanya kazi. Modeli ya usalama huonyesha jinsi unavyoweza kuharibika. Mojawapo ya mbinu zake kongwe ni mti wa hitilafu, uliobuniwa katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1962 kwa ajili ya makombora ya Minuteman. Baadaye ilizaliwa lugha ya kuandikia modeli za usalama, AltaRica, huko Bordeaux, Ufaransa.

Modeli hizi hazifanani, wala hazipaswi kufanana. Pampu moja katika mchoro wa msanifu ina sura kadhaa kwa mpima hatari: imesimama, inavuja, au inasukuma bila kuamriwa. Nyaya mbili zilizotenganishwa kwenye mchoro huenda zinapita kwenye bomba moja na zikaungua pamoja. Kwa hiyo kinachooanishwa ni maana: kila kijenzi cha upande mmoja huwekewa mwenzake upande wa pili, au huandikwa sababu ya kukosa mwenzake.

Wengine huingiza hitilafu ndani ya modeli ya usanifu yenyewe, kama inavyofanya lugha ya usanifu ya AADL. Wengine huacha modeli mbili na kuzilinganisha kila hatua. Njia hii ya pili ina kazi nyingi zaidi, lakini inalinda jicho huru la mpima hatari, na jicho hilo halina mbadala.

Ugumu mkubwa ni mabadiliko: upande mmoja ukibadilika, wa pili huweza kubaki nyuma. Katika ndege ya Boeing 737 MAX, programu ya MCAS ilipewa uwezo wa kusogeza kiimarishi cha mkiani kwa nyuzi 2.5 kila mara badala ya 0.6, lakini nyaraka za usalama zilizopelekwa kwa mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, hazikueleza badiliko hilo kikamilifu. Programu hiyo ilitegemea kihisi kimoja tu, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Kasoro hizo hazikuwa sababu pekee ya ajali mbili za ndege za aina hiyo, za Oktoba 2018 na Machi 2019, zilizoua watu 346 ndani ya ndege. Ndege ya pili ilikuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, na Wakenya 32 walikuwamo. MCAS iliyorekebishwa hulinganisha vihisi vyote viwili.