VYAMA VYA BENI: FUNZO KWA SISI TUNAOZIKANA UGENINI



Kamati imeniomba niandike habari ya historia katika jarida hili la kumbukumbu. Nimechagua historia ya vyama vya Beni, na sababu yake ni hii. Katika kijiji chetu hapa kambini alifariki mzee mmoja aliyefika peke yake. Tulipokusanyika, swali la kwanza halikuwa nani achimbe kaburi, bali marehemu alikuwa mtu wa wapi. Vyama vya kuzikana tunavyo, lakini kila kimoja kinaandikisha watu wa kwao tu. Mzee yule hakuwa na chama. Mwili ulilala ndani mpaka alasiri ya siku ya pili, ndipo vijana na akina mama majirani wakatoa majembe, blanketi na unga wa posho yao. Nilirudi nyumbani na aibu, maana mimi mwenyewe ni mweka hazina wa chama kimojawapo.

BENI ILIANZAJE?

Jina Beni limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Ngoma hiyo ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya, kama vile Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890. Vijana waliwaona wanajeshi na mabaharia wa Kizungu wakipiga matarumbeta na kwenda gwaride. Nao wakaunda ya kwao, wakavaa sare na kutembea kwa mistari. Baadaye Beni ilishuka hadi Tanga, Dar es Salaam na miji mingine ya Tanganyika.

Wako waliocheka wakisema ni kuwaiga Wazungu tu. Lakini nyuma ya ngoma palikuwa na chama. Katika Tanganyika vilivyojulikana zaidi vilikuwa viwili, Marini na Arinoti. Kila kimoja kilikuwa na vyeo vyake: Mfalme, majenerali, makapteni, hata daktari. Mtu aliyekuwa mpishi au mchukuzi mchana, jioni aliitwa Jenerali na watu wakampigia saluti.

Tena vyama hivyo vilikuwa na wajibu. Mwanachama akiugua, alitazamwa. Akifariki, wenzake walimzika. Akisafiri kwenda mji asiomjua mtu, aliwauliza wenyeji wenzake wa Marini au wa Arinoti walipo, akapokelewa na kulishwa. Waliojiunga walitoka makabila mbalimbali, wengi wao wakiwa mbali na ukoo wao. Kwa mtu wa namna hiyo, kujua kwamba yuko atakayemzika si jambo dogo.

VITA VILIIENEZA

Vita Kuu ya Kwanza ya mwaka 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyoibeba Beni hadi bara. Maaskari na wapagazi wa pande zote mbili waliicheza. Hata mkoa huu wa Kigoma ulikuwa njia yao. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliiteka Kigoma, kisha Tabora, na Wabelgiji waliishika Kigoma mpaka mwaka 1921. Kwa hiyo ardhi hii tuliyojengea nyumba zetu imewahi kupitiwa na watu wengi waliotolewa kwao na vita visivyokuwa vyao. Maaskari waliporudi makwao, walirudi na ngoma. Beni ikafika Nyasaland, ambayo ni Malawi ya leo, ikafika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia, na pia Katanga.

SHAKA ZA WAKUBWA

Serikali za kikoloni ziliingiwa na hofu. Watu wenye vyeo vya kijeshi, wenye matawi miji mingi na wanaopelekeana habari, je, hawapangi uasi? Maafisa walichunguza, na mara nyingi walikuta ngoma, michango na mazishi.

Lakini si kila mahali mambo yaliishia hapo. Mwezi wa Mei 1935, wachimbaji wa shaba huko Rhodesia ya Kaskazini waligoma kwa sababu ya kupandishiwa kodi. Mgomo ulianza Mufulira, ukaenda Nkana na Luanshya. Huko Luanshya polisi walipiga risasi, wakafa watu 6. Tume ya uchunguzi iliiangalia sana Mbeni, kama walivyoiita huko, kwa kuwa chama hicho kilikuwa na viongozi na njia ya kupitisha habari. Nasema hivi ili tusidanganyane. Chama kinachoweza kukusanya watu kwa mazishi kinaweza kuwakusanya pia kwa kudai haki. Lakini chanzo cha mgomo kilikuwa kodi, si ngoma.

MASHINDANO NA GHARAMA

Beni ilikuwa na kasoro zake. Marini walijiona watu wa pwani, waliostaarabika; Arinoti wakaonekana washamba, watu wa bara. Kule Mombasa na Lamu vyama vilishindana kwa karamu. Hawa wakichinja ng'ombe, wale walitaka kuwapita, na fedha ambayo ingemfaa mgonjwa au mjane ikaliwa siku moja. Mbegu hiyo tunayo hapa. Nimeona chama kikikopa ili matanga yake yapite ya jirani.

AKINA MAMA

Wanawake nao walikuwa na vyama vyao vya ngoma, kama vile lelemama huko Mombasa, wakisaidiana katika harusi na misiba. Dar es Salaam alikuwapo Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 TANU ilipotaka kuandikisha wanawake, yeye alipitia vikundi hivyo vya ngoma, na maelfu walijiunga. Watu walikuwa wamekwisha kuzoea kuaminiana katika mambo madogo.

TUFANYE NINI?

Napendekeza kwa Kamati mambo matatu. Kwanza, kila kijiji kiwe na mfuko mmoja wa mazishi, ulio wazi kwa kila anayeishi humo, bila kuuliza alikotoka. Vyama vya watu wa kwao vinaweza kuendelea, lakini visiwe mlango pekee wa kupata kaburi. Pili, gharama ya matanga iwekewe kiwango, na daftari lisomwe mbele ya wote. Tatu, akina mama washike nusu ya nafasi za uongozi wa mfuko, kwa sababu kwa mzee yule ndio waliotangulia kutoa unga.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika nina ombi moja. Mkiwakuta watu wamekaa chini ya mti na daftari, kaeni nao muulize kabla ya kuandika ripoti.

Kwa upande wangu, nimeomba chama changu kikutane kujadili jambo hili, na daftari letu nitakwenda nalo mkutanoni. Wako watakaokataa. Nitawauliza tu: wewe ukifa leo, na wa kwenu wote wamekwisha kurudi, nani atashika jembe?



Mwalimu wa shule ya msingi, kambini