Mgeni Mbele ya Mafahali

Kama umekulia upande wa Kakamega, msomaji, bila shaka umepata kuwaona mafahali wakipiganishwa, na watazamaji wakitimua mbio pindi fahali mmoja ageukapo ghafula. Wajua basi kwamba mnyama huyo hachagui mgeni wala mwenyeji. Pembe yake humpata yeyote aliye mbele yake. Lakini mwenyeji ana kitu kimoja ambacho mgeni hana, nacho ni kumbukumbu. Ajua nani aliumia, mahali gani, na kwa kosa gani. Nataka nikueleze habari za Pamplona, mji wa Hispania, ambako kumbukumbu ya namna hiyo imegeuzwa kuwa sheria.

Zamani wachungaji waliwaleta mafahali mjini humo kutoka malishoni, ili wakapigwe na kuuawa uwanjani wakati wa sikukuu. Iliwapasa kuwapitisha katika njia za mji asubuhi na mapema. Vijana wakaanza kuwafuata nyuma, kisha wakathubutu kuwatangulia mbele. Hivyo kazi ikawa mchezo. Sikukuu yenyewe, ambayo ni ya Mtakatifu Fermín, ilihamishwa kutoka Oktoba hadi Julai mwaka 1591. Hata leo mbio hizo hufanywa kila siku tangu tarehe 7 hadi tarehe 14 Julai, saa mbili kamili asubuhi. Mafahali sita, pamoja na maksai wa kuwaongoza, hukimbia mita 875 hivi katika njia nyembamba za mawe, na jioni ya siku hiyo mafahali hao huuawa uwanjani.

Tazama sasa jinsi sheria zilivyozaliwa. Mwaka 1776 wakuu wa mji waliamuru njia izibwe kwa ua, wanyama wasipate kutoroka. Mwaka 1867 walitoa amri ya kwanza ya kuongoza mbio. Kisha mwaka 1939 fahali mmoja alipenya ua akawafikia watu waliodhani wako salama. Kwa ajili hiyo, tangu mwaka 1941 ua umekuwa wa safu mbili. Nafasi iliyo katikati ya safu hizo ni ya waganga na ya mkimbiaji anayejiokoa. Mtazamaji hukaa nyuma ya safu ya pili. Mgeni asiyejua habari ya mwaka 1939 huona askari wakimwondoa kwenye safu ya mbele, akadhani wanamwonea.

Wageni waliongezeka sana baada ya mwaka 1926, Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alipotoa riwaya iliyoutangaza mji huo. Lakini umaarufu haukupunguza ukali wa pembe. Tangu mwaka 1910 watu 16 wameuawa katika mbio hizo. Mwaka 1977 kijana mmoja hakuchomwa kabisa, bali alisongwa na rundo la watu walioangukiana kwenye njia nyembamba ya kuingilia uwanjani. Mwaka 1980 fahali mmoja aliua watu wawili katika asubuhi moja. Mwaka 1995 kijana wa Marekani alianguka, akainuka upesi kama yeyote kati yetu angalivyofanya, na fahali akamchoma akafa. Wenyeji walikuwa wakifundishana tangu zamani kwamba aliyeanguka alale kifudifudi, afunike kichwa kwa mikono, asiinuke mpaka wenzake wamwambie kwamba hatari imepita. Aghalabu wanyama humruka mtu aliyelala. Aliyeinuka hukutana na pembe.

Je, mgeni wa mara ya kwanza afanye nini? Jambo la kwanza ni kutazama tu. Roshani za nyumba zilizo kando ya njia huwa na nafasi za kukodi, na kutoka huko ataona zaidi ya wale wanaokimbia. Asiyetimiza miaka 18 amekatazwa kukimbia, na vivyo hivyo mlevi na mwenye kushika kamera. Pili, asikilize fataki. Ya kwanza yasema lango limefunguliwa. Ya pili, mafahali wote wametoka zizini. Ya tatu, wote wameingia uwanjani. Ya nne, wote wamefungiwa. Kama muda ni mrefu kati ya ya kwanza na ya pili, kundi limetengana, na fahali aliyeachwa peke yake ndiye wa kuogopwa kuliko wote, maana hugeuka nyuma na kushambulia kila kitu kinachotikisika. Kwa hiyo mtu asishuke njiani kabla ya kusikia fataki ya nne.

Na yule ambaye hata hivyo ameazimia kukimbia, aitembee njia yote siku moja kabla. Afikapo mahali ambapo njia ya Mercaderes inaingia Estafeta, atambue kwamba mafahali huteleza hapo na kujibamiza kwenye ukuta wa nje wa kona. Anayesimama upande huo amejiweka kati ya mnyama na ukuta. Tena asidhani ataweza kufuatana nao tangu mwanzo hadi mwisho. Wao humaliza njia yote kwa dakika mbili na nusu au tatu hivi. Mwenyeji hodari huchagua kipande kifupi, hukimbia, kisha hujitenga pembeni.

Wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huko Pamplona mkuu si mzee mmoja, bali ni miaka zaidi ya mia nne ya watu walioumia na kufa. Sheria uzionazo huko zimetokana na yale yaliyowapata waliotangulia. Utakapokuwa mgeni mahali popote penye hatari, iwe baharini, mlimani, au mbele ya fahali, uliza kwanza habari za waliotangulia. Jasiri asiyeuliza hulipa upya deni ambalo wengine walikwisha kulilipa.