Sarafu za Kilwa na Mizani ya Thamani Yake

Mkusanyaji wa sarafu za kale anapoletewa kipande cha shaba chenye maandishi ya Kiarabu, kwa kawaida hutaka kujua mambo matatu: kama ni halisi au ya kughushi, kama ni adimu, na kama maandishi yake yangali yanasomeka. Kwa sarafu za Roma, ambazo aghalabu zina sura na cheo cha mtawala, mizani hiyo humfikisha mbali. Kwa sarafu zilizotolewa na masultani wa Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania, haimfikishi, na sababu imo katika sarafu zenyewe.

Upande mmoja wa sarafu ya Kilwa una jina la sultani; upande wa pili unamtaja Mola ambaye sultani huyo anamtegemea. Pande hizo mbili zikisomwa pamoja huwa sentensi moja yenye vina, jambo litakalomfurahisha kila mpenzi wa ushairi. Lakini zile za shaba, ambazo ndizo nyingi kupita zote, hazina mwaka wala jina la mji. Jina bila mwaka ni mtego kwa mwanahistoria.

Mfano ulio wazi ni Ali bin al-Hasan. Waliofuata mapokeo ya Kilwa kuhusu chimbuko la Washirazi walimweka katika karne ya 10. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji huko Kilwa katika miaka ya 1960, alikataa hesabu hiyo, akamleta hadi yapata mwaka 1200. Sarafu za sultani huyo zilikuwa zimekwisha kuokotwa kwa wingi mno, nazo hazikuweza kuamua. Aliyeamua ni udongo wa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Mwaka 1984 ilifukuliwa huko akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za dhahabu, zikiwemo za Wafatimiya wa Misri. Dinari huandikwa mwaka, na zile za mwisho zilikuwa za karne ya 11. Basi sultani akarudishwa nyuma zaidi ya miaka mia moja, na pamoja naye historia ya utawala wa Kiislamu katika pwani hiyo. Lau akiba hiyo ingalimwangukia mchuuzi kwanza, dinari zingaliuzwa peke yake kwa bei nzuri, zile za fedha zingaligawanywa kwa mafungu, na ushahidi ungalipotea siku hiyohiyo, ijapokuwa hakuna hata sarafu moja ambayo ingaliharibika.

Bei na thamani huachana vilevile katika sarafu za al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331 na kusifiwa naye kwa ukarimu. Sarafu zake za dhahabu zinazojulikana ni chache mno, na kwa mkusanyaji hizo ndizo taji. Hata hivyo, sarafu yake moja ya shaba, ambayo sokoni ni kitu hafifu, ilipatikana ndani ya magofu ya Great Zimbabwe. Kwa kuwa mahali pake panajulikana, kipande hicho kimekuwa shahidi wa uhusiano wa Kilwa na nchi ya dhahabu ya bara.

Kinyume chake ni sarafu tano za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 na askari mmoja katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na nne za Kiholanzi. Hakuna aliyeandika zilikuwa katika tabaka gani la mchanga, na zilikaa kwa miaka zaidi ya 30 kabla ya kutambuliwa. Ni halisi, na kupatikana kwake huko ni ajabu, lakini zilifikaje? Dhana ni nyingi, na sarafu zenyewe haziwezi kuchagua kati yake.

Wasomaji wa Katanga wanalo jambo la kulinganisha karibu nao. Misalaba midogo ya shaba hununuliwa leo na wakusanyaji wa Ulaya kwa kutazama ukubwa na umbo tu. Huko Sanga, katika bonde la Upemba, wachimbaji waliikuta makaburini, wakaandika mahali pa kila mmoja. Pierre de Maret aliweza kuonyesha kwamba kadiri karne zilivyopita misalaba ilipungua ukubwa, ikakaribiana vipimo, na ikawekwa karibu na mikono ya maiti, pengine kwa mafungu. Yaani ilikuwa inageuka kuwa fedha ya kuhesabiwa. Msalaba ulio peke yake katika kabati la kioo, hata ukiwa mzima na umeng'arishwa vizuri, haumwambii mtazamaji kama ulikuwa pambo la mkubwa au malipo ya sokoni.